Kichwa Kinavyoshika na Kinavyoachia

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama, ukumbini, mbele ya wanachama na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme jambo lolote la elimu lenye faida kwa vijana, tena lisizidi nusu saa. Sharti hilo la pili ni gumu kwa mtu aliyefundisha hisabati miaka thelathini, lakini nitajitahidi. Nimechagua jambo lililonishughulisha tangu nilipostaafu na kupata muda wa kukaa na kompyuta, nalo ni jinsi sehemu ya mbele ya ubongo inavyoshika kitu kwa muda mfupi, na jinsi inavyokiachia ili ishike kingine. Wapo wataalamu waliojenga mifano ya hesabu, nao huiita modeli, ambayo huendeshwa ndani ya kompyuta ili kulieleza jambo hilo. Najua linasikika kama jambo la mbali. Mtaona punde kwamba linaingia mpaka kidato cha kwanza cha shule hii.

Tuanze na zoezi. Vijana, nitataja tarakimu, nanyi mnirudishie kinyumenyume. Saba, mbili, tisa, nne.

(Wanafunzi: "Nne, tisa, mbili, saba!")

Vema. Sasa hizi: tatu, nane, moja, sita, tano, mbili, tisa, nne.

(Kelele, kisha kicheko.)

Hakuna aliyepungukiwa na akili kati ya zoezi la kwanza na la pili. Kilichopungua ni nafasi. Na nafasi hiyo siyo lile ghala la kumbukumbu ambamo mmeweka jina la bibi yenu na njia ya kwenda kisimani, vitu ambavyo hukaa humo miaka na miaka. Hii ni ndogo kama meza ya fundi cherehani: juu yake huwekwa kile tu kinachoshonwa sasa, na kikiingia kitambaa kingine hapana budi cha kwanza kisogezwe. Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliieleza vizuri mwaka 1974. Kwa Kiswahili mimi naiita kumbukumbu tendaji, kwa sababu haihifadhi tu bali inatenda. Mmarekani George Miller alikuwa amekadiria mwaka 1956 kwamba huchukua vitu saba hivi. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, alipitia majaribio mengi akasema kwamba mtu akizuiwa kujirudiarudia kimoyomoyo na kuviunganisha vitu, hubaki na vinne hivi. Vinne, ndugu zangu, kwa profesa na kwa mchunga ng'ombe.

Sasa mtauliza, kama ni vinne, mchezaji wa bao anawezaje? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayetaka kuanza mtaji mrefu hana ruhusa ya kujaribu kwa mikono kwanza. Ni lazima azione kete kichwani zikizunguka, zikila, zikianza upya, zikila tena, mpaka zilale. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar akichunguza hasa jambo hilo, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake ya udaktari huko Leiden juu ya mipaka ya akili kama inavyoonekana kwa mafundi wa bao. Mwalimu Nyerere naye, kama mjuavyo, alilipenda bao sana. Jibu la swali letu linategemea neno "kitu". Kwa mgeni wa bao, kila shimo ni kitu kimoja. Kwa fundi, mpangilio mzima wa upande mmoja ni kitu kimoja, kwa kuwa amekwisha kuuona mara elfu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walionyesha hivyohivyo kwa wachezaji wa sataranji: bingwa hutazama ubao kwa sekunde chache tu akaupanga upya bila kuangalia, lakini vipande vikipangwa ovyo ovyo, ubingwa wake karibu wote hutoweka. Meza yake si kubwa kuliko yenu. Mizigo yake ndiyo imefungwa vizuri.

Hapo niwakumbushe wenzangu tulioingia hapa mwaka 1979. Tulikuwa na mwenzetu kutoka upande wa Usangu, ambaye simtaji jina kwa kuwa hayupo kunijibu. Nyuma ya bweni walichimba mashimo ya bao ardhini, na kabla ya muhula wa kwanza kwisha, yule bwana alikuwa amewafunga watu wa kidato cha nne mmoja mmoja. Alikuwa anahesabu mtaji mzima huku anamenya muhogo. Darasani, katika somo la hisabati, alihesabiwa miongoni mwa wazito. Jioni moja nilimsomea swali la siku ile, la mfanyabiashara aliyenunua magunia kadhaa ya viazi akayauza kwa faida ya asilimia fulani. Nililisema kwa Kiswahili. Alinijibu kabla sijamaliza sentensi, na jibu lilikuwa sahihi. Nikamwonyesha swali lilelile lilivyoandikwa kwa Kiingereza kwenye daftari langu, akasema, "Kumbe ndilo hili?"

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1982 na sifuri. Miaka iliyofuata wengi wetu tulimwona katika basi la Mbeya na Iringa, akiwa kondakta, abiria sitini, anajua nani alipandia Chimala, nani anashuka Igawa, nani anadai chenji yake Makambako, na haandiki popote. Shule ilikuwa na kichwa kile kwa miaka minne na haikukiona. Nataka kueleza ni kwa nini, na kwa nini jambo hili haliishii mwaka 1982.

Turudi kwenye ubongo. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ambayo wanasayansi huiita gamba la mbele la ubongo. Zamani ilidhaniwa haina kazi maalumu, kwa kuwa mtu aliyeumia hapo aliendelea kuona, kusikia, kutembea na kusema. Kisha Brenda Milner, huko Montreal nchini Kanada, akachapisha mwaka 1963 matokeo ya mtihani wa karata. Mgonjwa hupewa karata zenye michoro inayotofautiana kwa rangi, kwa umbo na kwa idadi, naye azipange bila kuambiwa kanuni. Huambiwa tu "sawa" au "si sawa". Akipanga kwa rangi akapata sawa mara kumi mfululizo, kanuni hugeuzwa kimyakimya, sasa ni umbo. Mtu mzima wa kawaida hukosea mara chache akageuka. Wagonjwa waliokatwa sehemu ya mbele waliendelea na rangi, rangi, rangi, huku wanaambiwa si sawa. Hawakuwa wajinga, wala hawakusahau rangi ni nini. Walishindwa kuachia.

Kwa upande mwingine, mwaka 1971, Joaquin Fuster na Garrett Alexander huko Marekani, na Kubota na Niki huko Japani, walipima seli moja moja katika ubongo wa mbele wa nyani. Nyani alionyeshwa jambo, likafichwa, akangojeshwa kabla ya kujibu. Katika muda ule wa kungoja, wakati hapakuwa na kitu mbele ya macho yake, ziko seli ambazo ziliendelea kulia kana kwamba kitu kingali pale. Huko ndiko kushika.

Basi mahali pamoja panafanya kazi mbili zinazopingana, kushika na kuachia. Ni hapo ambapo maneno matupu hayatoshi, hesabu ikaingia. Fikirini kwaya. Kila mwimbaji huendelea na sauti kwa sababu anamsikia jirani yake akiendelea nayo. Mwalimu wa kwaya akitoka nje, wimbo haufi. Seli zinazosisimuana huweza kufanya vivyo hivyo, na mtu akiandika milinganyo ya kila seli na nguvu ya kila kiungo kati ya seli na seli, kompyuta itamwonyesha sauti ile ikidumu yenyewe. Xiao-Jing Wang na wenzake walitoa modeli ya namna hiyo mwaka 2000. Mimi mwenyewe nimeandika moja ndogo sana, yenye seli 200, katika kompyuta mpakato niliyokuja nayo. Haina jipya lolote, lakini inafundisha. Ukiongeza nguvu ya viungo, kwaya inashika sawasawa. Piga kelele upendavyo, haiachi wimbo. Ila ukitaka ibadili wimbo, haisikii, na unapata yule mgonjwa wa Montreal. Ukipunguza nguvu, inapokea wimbo mpya mara moja, lakini akipita mtu na redio mlangoni, wimbo umekwisha. Nimekaa usiku kadhaa nikitafuta kiwango kimoja cha nguvu kitakachofaa kwa yote mawili. Hakipo. Jambo hili wenye fani walikwisha kulijua, lakini ni tofauti kulisoma na kuliona kwenye kioo.

Njia ya kutokea ni kuwa na mlango. Nguvu isiwe moja wakati wote. Kuwe na kitu kinachofungua ili habari mpya iingie, kisha kinafunga ili ilindwe. Randall O'Reilly na Michael Frank walitoa mwaka 2006 modeli ambayo mlango huo unalindwa na vifundo vya seli vilivyo ndani kabisa ya ubongo, chini ya gamba. Mlinzi huyo hazaliwi anajua nini kiingie. Hujifunza. Kila mambo yanapokwenda vizuri kuliko yalivyotazamiwa, seli fulani hutoa kemikali iitwayo dopamini, na mambo yakienda vibaya kuliko matazamio, seli hizo hunyamaza. Hayo Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walikuwa wameyaeleza mwaka 1997. Mlinzi hufuata ishara hiyo: nilifungua, ikafaa; mara nyingine nitafungua. Modeli inaanza ikiwa haijui kitu, na baada ya majaribio mengi inapanga mambo yake kama mtu. Wale wanaoshughulika na mashine za kujifunza walifikia mlango wao kwa njia yao wenyewe. Hochreiter na Schmidhuber waliuweka katika programu yao mwaka 1997, na kwa miaka mingi programu za namna hiyo zilitumika kutafsiri lugha na kutambua sauti.

Sasa tuje kwenye reli. Mwaka 2001 Earl Miller na Jonathan Cohen waliandika makala ambayo kila mtu wa fani hii ameisoma, na humo walitumia mfano wa njia za treni. Sisi wa Mbeya na Makambako, wenye TAZARA tangu miaka ya sabini, hatuhitaji kuelezwa sana. Treni ina nguvu yake. Reli imekwisha kulazwa. Ubongo wa mbele hausukumi treni wala haulazi reli. Kazi yake ni ya yule anayeshika mkono wa kugeuzia njia, na kuushikilia mpaka behewa la mwisho lipite. Pale ambapo treni ingekwenda huko huko kwa mazoea, hana kazi. Pale ambapo inatakiwa kwenda njia isiyo ya mazoea, akilegeza mkono, treni inarudi njia kuu.

Nikiandika ubaoni neno NYEKUNDU kwa chaki ya kijani na kukuuliza, ndugu yangu, rangi ya chaki, utasita. Mazoea ya kusoma yana nguvu kuliko mazoea ya kutaja rangi. Mmarekani John Ridley Stroop aliyaandika hayo mwaka 1935. Cohen, Dunbar na McClelland walijenga modeli yake mwaka 1990, na ilionyesha kwamba ishara ndogo tu ya "tazama rangi", ikishikwa bila kulegea, inatosha kuishinda njia kuu. Lakini ni lazima ishikwe, tena wakati wote. Na anayeishika anaitumia meza ileile ya fundi cherehani.

Mnaona ninakokwenda. Kijana anatoka shule ya msingi akiwa amefundishwa hesabu kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za serikali tangu 1967. Huku kwetu wengine nyumbani ni Kinyakyusa, Kihehe, Kisangu, Kibena, Kikinga. Januari anaingia kidato cha kwanza, na mwalimu anasema kila kitu kwa Kiingereza. Njia kuu katika kichwa chake ni Kiswahili. Mkono wa kugeuzia njia anaushikilia dakika arobaini za kipindi. Juu ya hapo, neno analolijua ni kitu kimoja mezani. Neno asilolijua si kitu kimoja, ni rundo la silabi zinazongoja maana. Maneno mawili ya namna hiyo katika swali moja, na meza imejaa kabla hesabu haijaanza. Akiulizwa, ananyamaza. Akinyamaza, anaitwa mzito.

Na akiaibishwa mbele ya wenzake, je? Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba katika hofu na fadhaa kemikali za ubongo, dopamini ikiwamo, huzidi kipimo, na seli za mbele huacha kulia. Kwaya hunyamaza, mazoea hushika usukani. Wazee wenzangu mnakijua kile kibao kilichovishwa shingoni mwa aliyesikika akisema Kiswahili. Kilikuwapo katika shule nyingi, na nia ya waliokianzisha ilikuwa tujue Kiingereza. Ukikitazama kwa macho ya modeli hizi, kilikuwa chombo cha kumwaga meza.

Jambo hili limewahi kusemwa, tena na mtu wa huku kwetu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoundwa mwaka 1980 iliongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, wakati ambapo Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Taarifa yake ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985. Baadaye ikatangazwa kwamba haitakuwa hivyo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari, wakakuta wengi mno hawakiwezi kwa kiwango cha kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri Kiingereza kibaki, kipewe msaada. Tangu hapo mjadala umekuwa wa uzalendo upande mmoja na wa dunia upande wa pili, na pande zote mbili zina watu wema. Mimi nasema tu kwamba katikati ya mjadala huo kuna meza yenye nafasi nne, na haipanuki kwa hotuba.

Nisiwadanganye kwamba sayansi imekitawaza Kiswahili. Iko habari ya kinyume. Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba orodha ya maneno tunayoweza kuishika kwa kuirudia moyoni ni ile inayoweza kusemwa kwa sekunde mbili hivi. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wa Wales wenye lugha mbili walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu tu majina ya tarakimu kwa Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka. Sasa hesabuni: sitini na sita, silabi sita. Kwa Kiingereza ni tatu. Huenda ndiyo sababu mtu anaongea Kiswahili safi kutoka asubuhi, lakini namba ya simu anaitaja kwa Kiingereza. (Kicheko.) Halafu ipo ile habari inayopendwa, kwamba mtu wa lugha mbili tatu, kwa kuzoea kugeuza njia, hupata ubongo mwepesi katika mambo yote. Ellen Bialystok wa Kanada aliandika mengi ya kuiunga mkono. Wengine waliopima watu wengi zaidi hawakuiona faida hiyo. Ningependa iwe kweli, maana hapo wana wa Rungwe na Mufindi tungekuwa mabingwa wa dunia, lakini kupenda si kupima.

Wala modeli si ubongo. Kichwa cha mtu kina seli za neva zipatazo bilioni 86, programu yangu ina 200. Wenye fani wenyewe wangali wanabishana. Mwaka 2008 Mongillo, Barak na Tsodyks walisema kwamba huenda seli hazihitaji kulia wakati wote, na kwamba wimbo waweza kukaa kimya katika viungo vyenyewe kwa sekunde chache kisha ukaamshwa. Mwaka 2019 kundi la Wang, safari hii likiongozwa na Guangyu Robert Yang, liliifundisha mashine moja kazi 20 tofauti, na ndani yake seli zikajigawa zenyewe katika vikundi ambavyo kazi mbalimbali ziliazimana. Hilo nalipenda, maana latupa picha ya jinsi ujuzi wa kazi moja unavyoweza kusaidia nyingine.

Tena meza yenyewe huhitaji mbao. Katika nyanda zetu hizi za juu, wakubwa mnakumbuka rovu shingoni mwa mama zetu. Ni upungufu wa madini joto, na hasara yake kubwa haiko shingoni, iko katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kuanzia miaka ya themanini serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, halafu ikaja chumvi yenye madini joto. Na huko Pwani watafiti walichapisha mwaka 2002 kwamba watoto wa shule wenye kichocho kikali walikuwa na kumbukumbu ya muda mfupi iliyo dhaifu kuliko wenzao. Kwa hiyo anayemwita mtoto mzito, aulize kwanza amekula nini, na ameoga wapi.

Utafiti mmoja zaidi, halafu nakaa. Mwaka huohuo wa 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwamo, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya Bagamoyo. Watoto walipewa maswali ya kufikiri, likiwamo la kupanga karata kwa kanuni, ndugu wa lile la Montreal. Badala ya kuhesabu alama na kwenda zao, waliwafundisha kwa muda mfupi jinsi maswali ya aina ile yanavyokabiliwa, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili ziliwaeleza watoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Mtihani wa kwanza ulikuwa umepima ugeni wao.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta na pendekezo, maana sikutaka kuja mikono mitupu. Mfuko wa Chama una fedha ambazo mweka hazina ametutajia asubuhi, na najua zimeombewa rangi ya ukumbi. Naomba sehemu yake ichape kijitabu cha maneno ya hisabati, fizikia, kemia na baiolojia, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza apewe siku ya kuripoti, akilale nacho, maneno yawe yamefungwa vizuri kabla ya kufika mezani. Maneno kama 700 yatatosha kuanzia. Nimekwisha kukusanya 430, na walimu wa sayansi waliopo hapa wamekubali kuyasahihisha. Pili, namwomba Mwalimu Mkuu, kwa adabu zote na bila kuvunja mwongozo wowote, aruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alieleze swali kwa Kiswahili kwa jirani yake kabla ya kulijibu kwa Kiingereza ubaoni. Dakika mbili. Tatu, alama za kidato cha kwanza za muhula wa kwanza zisitumike kumpanga mtu katika mkondo wa wazito. Apimwe tena mwisho wa mwaka.

Karatasi ya mapendekezo hayo anayo Katibu, imekwisha kutiwa saini na wanachama kumi na mmoja, na itajadiliwa katika kikao cha jioni. Kijana yeyote anayetaka kuona ile kwaya ya seli 200 ikikataa kubadili wimbo, nitakuwa maabara ya fizikia mpaka saa kumi na moja, umeme ukiwapo. Na aliye fundi wa bao aje pia. Nyuma ya bweni nimeona mashimo mapya.

(Makofi.)